Muhtasari wa Kibanja cha Kiruruma

Jumatatu, 2 Julai 1951

Umerudi tena. Muhtasari wa kesi ya mbuzi umerudi na wino mwekundu kila mahali kama mtoto mwenye surua. Niliandika "mdai, mzee maskini". Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya anayekagua kesi za baraza letu, amekata "maskini" na pembeni ameandika: Nani kasema? Niliandika "mdaiwa alijibu kwa ujeuri". Kakata "kwa ujeuri". Nani kasema? Mimi nimesema! Nilikuwepo! Nilimwona kwa macho yangu anajibu huku anachokonoa meno!

Hataki macho yangu. Huyu mpya anasoma Kiswahili vizuri kuliko sisi makarani, na ugonjwa wake ni mmoja: fulani alisema hivi, fulani alisema vile, basi. Cha tumboni mwako kaa nacho. Yule aliyemtangulia alikuwa hasomi kabisa. Akifika alikuwa ananiuliza tu, "Karani, mwongo ni nani hapa?" Namwambia. Tunamaliza kabla jua halijawa kali.

Nimeandika upya. Mbuzi amebaki mbuzi, hana sifa yoyote. Mkono unauma.

Jumanne, 3 Julai

Kama vile mbuzi hakutosha, leo imeletwa rufaa ya Petro.

Petro ni mtu wa Kiruruma. Anataka kibanja, shamba la migomba lenye nyumba, anachokaa shemeji yake Anastazia, mjane wa marehemu kaka yake. Migomba ile naijua, nimepita pale. Mizito, imetandikwa nyasi vizuri, na kahawa yake imeiva sasa hivi. Mwezi wa tano baraza letu liliamua kibanja ni cha mama. Petro hakukubali. Bwana Shauri ataisikiliza rufaa mwenyewe Nyaishozi, Alhamisi ya wiki ijayo, akiwa safarini. Kabla ya hapo anataka muhtasari wa ushahidi wote. Ukurasa mmoja. Ushahidi wenyewe umejaza daftari!

Kesi ni nyepesi ukiivua maneno. Anastazia anasema alipoolewa, kibanja kile alipewa mumewe na baba mkwe. Baba mzazi wa mumewe alikuwa Kagaruki. Mipaka ikaonyeshwa, milamula ikapandwa penye mipaka, pombe ya ndizi ikanywewa. Petro anasema huo ni uongo, aliyeonyesha mipaka ni baba yao mdogo, Bitegeko, ambaye alikuwa mwangalizi tu. Mwangalizi hawezi kugawa cha mwenziwe. Kwa hiyo kibanja hakijagawiwa, na mtoto mkubwa aliye hai ni yeye Petro.

Ni Kagaruki au ni Bitegeko? Swali ni hilo tu. Wote wawili wamekwisha kufa. Mashahidi wa ile pombe nao wamekufa, isipokuwa mmoja, na huyo alikuja barazani amelewa mpaka akaondolewa.

Kwa hiyo kila kitu kipo mdomoni mwa mama yule. Akishindwa, atarudi kwa kaka zake mikono mitupu, na watoto atamwachia Petro.

Na hukumu ya baraza? Nimeitafuta sababu ndani yake nikachoka. "Wazee wameona haki ni ya mama." Basi! Wameonaje? Hawasemi. Wazee wetu hawaelezi kitu ambacho wao wanakijua.

Jumatano, 4 Julai

Siku nzima na daftari langu mwenyewe. Watu wanasema Kinyambo, mimi naandika Kiswahili, wao wanakimbia, mimi nachechemea nyuma. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa wa aibu.

Nimefika pale Petro anapomhoji shemeji yake. Anamwuliza nani alikuonyesha mipaka. Mama anasema baba mkwe. Petro anasema, baba wakwe zako walikuwa wawili, baba na baba mdogo, wote kwako ni baba mkwe, mtaje jina. Mama kimya. Petro anarudia. Hapo mama akaanza safari: ni yule aliyelala nyuma ya nyumba yangu, ninayemfagilia, mvua ikinyesha nazibua mfereji maji yasimfikie. Wazee wakanung'unika. Mmoja akamwambia Petro akae chini. Petro akakaa anatabasamu.

Na mimi mjinga niliandika yote, mfereji na mvua na ufagio.

Yaani umeulizwa jina. Neno moja! Kwetu Muleba, shule ya misheni, ukiulizwa unasimama wima na kujibu ulichoulizwa, la sivyo kiboko. Mama huyu kibanja chake kinaondoka, yeye anatusimulia habari za kufagia. Nilitaka kumtikisa mabega siku ile. Leo pia.

Jumamosi moja nilipita kwake nikamkuta anapalilia mwenyewe, mtoto mgongoni, wengine wanaanua buni kabla mvua haijawakuta. Namwonea huruma, ukweli wenyewe. Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana huruma ikiingia kwenye wino, Bwana Shauri ataikamata tu.

Alhamisi, 5 Julai

Petro kaja nyumbani, asubuhi, kabla hata sijanawa uso. Ndizi begani kwa kijana wake, yeye mwenyewe kavaa koti. Shikamoo zake ndefu, ingawa mimi ni mdogo kwake na mimi ndiye ningemwamkia. Hataki kitu, anasema. Anapita tu. Eti anasikia muhtasari wangu ni mzuri, Bwana Shauri anausifu. Anausifu! Laiti angeuona ule wa mbuzi.

Halafu akalitoa: "Karani, mimi sitaki uniongezee hata neno. Andika tu alichojibu shemeji. Hakutaja jina. Si kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia arudi na ndizi zake pia. Kaziacha. Yusta, mke wangu, kazitoa nje kwenye njia na kuzifunika majani, apite nazo anayezitaka. Mtoto wetu ana wiki chache tu na Yusta hana nguvu za kubishana na mtu, lakini mikungu ile aliibeba mwenyewe.

Mchana Mwami kaniita. Huyu ndiye mkuu wa gombolola letu na mwenyekiti wa baraza. Anataka muhtasari uonyeshe kwamba hukumu yake ilikuwa nzuri. Nikamwuliza sababu ya hukumu niiandike. Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini maji yanateremka. Akasema, "Kila mtu anajua." Basi kila mtu na aje aandike!

Mmoja ananivuta huku, mwingine kule. Sitampendelea yeyote. Wakome.

Ijumaa, 6 Julai

Nimemaliza. Ukurasa mmoja, na mistari miwili ya kupumulia. Hakuna "maskini" humo, wala "kwa ujeuri" wala "inaonekana". Petro alisema. Anastazia alisema. Petro aliuliza.

Mahali pale pa jina nilisumbuka. Mara ya kwanza niliweka yale maneno ya kufagia. Nikayasoma, nikaona yananuka huruma, kama nimeyaweka ili msomaji alie. Nikayakata. Mfereji pia. Nimeandika: "Alipotakiwa kutaja jina la aliyeonyesha mipaka, hakulitaja." Hilo halina ubishi. Hata Petro analikubali, hata mama mwenyewe.

Tarishi kaondoka nao saa nne kwenda Nyaishozi, kambini kwa Bwana Shauri. Safari hii atafute pa kutia wino mwekundu!

Nimelala mchana, kitu ambacho sijafanya tangu mtoto azaliwe.

Jumapili, 8 Julai

Sijui nianzie wapi. Nina hasira na nafsi yangu.

Tulikwenda kanisani kumwandikisha mtoto kwa ubatizo. Mwinjilisti ni mtu wa hapa hapa Kihanga, mtaratibu, ana kitabu chake. Mimi nilikuwa nje nafunga mnyororo wa baiskeli uliochomoka. Nasikia anamwuliza Yusta jina la mtoto. Yusta kasema. Jina la baba. Kasema. Jina la babu mzaa baba.

Kimya.

Halafu namsikia mke wangu anasema, yule wa Muleba, aliyetuletea kitanda.

Nilicheka hukohuko nje. Nikasema moyoni, huyu naye! Nikachungulia mlangoni. Mwinjilisti hakucheka wala hakushangaa. Hata kalamu hakuisogeza. Alinigeukia tu: "Sema wewe." Nikataja jina la baba yangu. Akaandika. Akaendelea na swali jingine.

Nikabaki nimesimama pale na mikono imejaa grisi.

Mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe wake. Nimekaa na Yusta nyumba moja miaka hii yote na sijamsikia akilitaja jina la baba yangu hata siku moja. Anasema yule wa Muleba, yule wa kitanda, babu yake mtoto. Kwetu misheni mambo hayo yalishalegea, mama yangu anamwita babu kwa jina lake la ubatizo bila wasiwasi. Hapa hayajalegea. Na nilikuwa nalijua hili! Si kwamba sikulijua. Nilikula nalo, nikalala nalo, nikashika kalamu nikalisahau.

Na mwinjilisti hakuandika kwamba mke wangu hajui.

Baba mdogo naye ni baba mkwe. Anastazia hawezi kutamka Kagaruki, hawezi kutamka Bitegeko. Petro analijua hilo tangu alipozaliwa. Ndiyo maana aliuliza vile, na ndiyo maana alitabasamu. Na ndiyo maana wazee wakanung'unika. Kila mtu anajua, alisema Mwami. Kila mtu isipokuwa karani.

Na mama alijibu! Alijibu wazi kabisa, mbele ya watu wote. Yule aliyelala nyuma ya nyumba yangu. Na mimi nikalikata jibu lake, nikaandika hakujibu, nikaenda kulala mchana.

Jumatatu, 9 Julai

Nimekwenda kwa Mwami kuomba ruhusa ya kuufuata muhtasari. Kakataa. Anasema ukishatumwa umetumwa. Anasema nikibadili karatasi baada ya Petro kuja kwangu, na baada ya yeye Mwami kuniita, watu watasema nimenunuliwa, na hawatakosa wa kumtaja kuwa ndiye mnunuzi. Hapo anasema kweli. Petro tayari anatamba kwa wanywaji kwamba karatasi ipo na mama hakutaja. Mke wa Mwami ndiye aliyemwambia Yusta.

Nikamwuliza Mwami kwa nini hakuandika kwenye hukumu kwamba mama ametumia mila. Akasema hukumu si mahali pa kufundisha watu adabu.

Nimechoka na watu wenye akili.

Nimesoma daftari tena. Lipo pale, kwa mwandiko wangu mbaya. "Ni yule aliyelala nyuma ya nyumba yangu, ninayemfagilia." Nani kazikwa pale? Sikuandika. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna asiyejua. Mimi sijui kwa hakika. Nadhani Kagaruki. Lakini kudhani kwangu ndiko kulikonifikisha hapa, kwa hiyo sitaandika nadhani.

Kesho nakwenda. Mwami akitaka anifukuze.

Jumanne, 10 Julai

Nimefika Nyaishozi nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tairi ya nyuma imepata pancha mara moja, na pampu yangu haina pumzi. Nimesukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia, natukana peke yangu. Wanawake waliokuwa wanapeta maharage kando ya njia walinipa pole na kunicheka kwa pamoja.

Bwana Shauri alikuwa mezani nje ya hema. Nikamwamkia. Hakupenda kuniona. Nikamwambia muhtasari wangu una kosa. Akautoa, akausoma mbele yangu polepole, akasema haoni kosa, ni muhtasari safi kuliko yote niliyomletea. Ndiyo mara yake ya kwanza kunisifu, na ilinichoma.

Nikamwambia kuna maneno ya shahidi niliyaacha. Akauliza kwa nini. Nikasema niliona ni maneno ya kuzunguka.

Akasema, "Uliona."

Hilo tu. Wiki zote hizi nimemlaani kwa kukata ninachoona. Nimejifunza kutoandika ninachoona. Lakini kuacha? Kuacha nako kulikuwa ni kuona kwangu, tena kubaya zaidi, maana hakuna wa kukutia wino mwekundu penye kitu ambacho hakipo.

Nikataka kumweleza habari za wakwe na majina. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Akainua mkono. Akaniuliza kama jambo hilo lilisemwa na mtu yeyote barazani. Nikasema hapana, wazee walinung'unika tu. Akasema basi ataliuliza yeye kama ataona haja, mimi niandike kilichosemwa.

Nilitaka kuruka juu ya meza. Mtu amesukuma baiskeli toka asubuhi!

Lakini nikaandika. Nimekata mstari wangu ule mzuri. Nimeandika: "Alipotakiwa kutaja jina, alinyamaza. Alipotakiwa tena, alisema: ni yule aliyelala nyuma ya nyumba yangu, ninayemfagilia. Hapo wazee walinung'unika, na mmoja alimwambia Petro akae." Nimeutia na mfereji. Nikatia sahihi na tarehe ya leo, ajue nani kabadili na lini. Sasa muhtasari umepita ukurasa mmoja.

Sijui kama atauliza. Hajui mila zetu, na mimi sikuruhusiwa kumwambia. Nina hofu tu.

Alhamisi, 12 Julai

Niandike kwa mpangilio, kama ninavyotakiwa.

Watu walijaa. Ukoo mzima wa Petro ulitoka Kiruruma, na koti lake alilivaa. Anastazia alikuja na nguo yake ya kanisani, kakaa chini kwenye nyasi na mtoto wake mdogo, hakumtazama mtu. Hakunitazama mimi pia. Hakujua nilimfanyia nini wala nilichojaribu kukirudisha.

Bwana Shauri aliusoma muhtasari kwa sauti, mstari kwa mstari, akauliza kila upande kama ndivyo walivyosema. Petro anaitika, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Akafika mahali pa jina. Petro akajinyoosha. "Alipotakiwa kutaja jina, alinyamaza." Ndiyo Bwana! Akaendelea kusoma. Petro akageuza kichwa akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

Akasema mimi nimehongwa. Akalisema hadharani. Akasema maneno hayo yameongezwa juzi, na tarehe ipo. Na tarehe kweli ipo. Bwana Shauri hakumjibu hilo. Alimwuliza tu kama shemeji yake aliyasema maneno yale au hakuyasema.

Ukoo mzima ulikuwa pale. Wazee wa baraza walikuwa pale. Petro akasema aliyasema, lakini si jibu, kaulizwa jina.

Bwana Shauri akasema vema, basi tumsaidie. Nyuma ya nyumba ya mama huyu amelala nani?

Mama mmoja nyuma alicheka akajiziba mdomo. Petro alitazama wazee, akatazama ndugu zake, na kila aliyemtazama alikuwa anasubiri. Shangazi yake, bibi mwenye fimbo, akamwambia kwa Kinyambo, "Mtaje basi, wewe unaruhusiwa."

Akamtaja. Sauti ilitoka ndogo. Kagaruki. Baba yangu.

Bwana Shauri akauliza Bitegeko kazikwa wapi. Ndugu mmoja akajibu kabla ya Petro: hapa hapa Nyaishozi, karibu na njia.

Anastazia jina lilipotajwa aliinamisha kichwa chini kabisa, akamfunika mtoto masikio kwa kiganja. Sijui kwa nini alifanya hivyo na siandiki ninachodhani.

Hukumu ya baraza imebaki kama ilivyokuwa. Kibanja ni chake na watoto wake. Petro kaondoka bila kuaga, koti kalivua kalibeba mkononi.

Bwana Shauri alipopita karibu nami alisema muhtasari ulikuwa mrefu mno.

Ijumaa, 13 Julai

Mwami hasemi nami. Salamu tu, tena ya kidevu. Hajanifukuza. Nadhani anasubiri nisahau kwanza.

Njiani nimepishana na Petro. Nikamwamkia kama ipasavyo. Aliitika kwa sababu watu walikuwepo. Ataniharibia jina, hilo nalijua, na kuna watakaomwamini.

Jumatatu, 16 Julai

Baraza leo asubuhi. Ng'ombe wameingia kwenye maharage ya mtu. Shahidi mzee, nikamwuliza aliwaona ng'ombe saa ngapi, akaanza na mvua ya juzi, na jirani yake aliyekuwa anakohoa, na kuni zilizokuwa mbichi. Kichwa kikaanza kuniuma mahali pale pale pa siku zote. Nikaandika mvua. Nikaandika kikohozi. Bwana Shauri atakata akitaka.

Mchana nimerudi. Yusta anaanika nepi uani, mtoto kalala. Nilimwambia baba yangu ataletewa habari za ubatizo, atafurahi. Akasema ndiyo, yule wa kitanda atafurahi.

Anastazia kapita njiani jioni, anatoka sokoni. Amesimama kidogo kwenye ua, kamsalimia Yusta, kaulizia mtoto, kamwangalia, kasema kafanana na mama yake. Mimi kaniamkia tu kama anavyoniamkia siku zote. Habari za kesi hakuzigusa. Sikutaka aziguse.

Mkononi alikuwa na ufagio mpya. Sikumwuliza ni wa nini. Akaaga, akashika njia ya Kiruruma kabla giza halijaingia.